Hesabu ya Vichwa

Siku Kilo alipomvunja karani vidole, mimi nilikuwa nimekalia daftari. Naanza na hilo usije ukadhani nilikuwa nimekaa tu.

Kilo ni mtoto wa marehemu dada yangu. Dada alikufa angali ananyonyesha, nikamchukua mtoto, nikamlea kwa uji na makofi, na vyote viwili alivipata kwa wakati. Alipokua akawa dalali wa mnada wa samaki hapa kwetu, mwenye mizani na mwenye kitabu, ndipo watu wakampa jina hilo. Kila samaki mkubwa anayeshushwa anapita mkononi mwake, halafu anakuja kwetu wapara samaki, wanawake arobaini chini ya banda moja la mabati. Tunapara magamba, tunatoa matumbo, tunakata kichwa, kwa sababu ghala la barafu halipokei kichwa. Kilo anatulipa kwa kila kichwa tunachokata. Vichwa vyenyewe tunakiuzia kiwanda cha chakula cha kuku, kwa idadi wala si kwa uzito, maana kwenye mizani za watu tumeshaliwa vya kutosha.

Daftari la vichwa naliweka mimi. Kila vichwa mia vikiingia pipani, napiga mstari mmoja. Dereva wa kiwanda ananiogopa kuliko mkewe.

Basi serikali ikaleta karani. Kijana mwenye shingo nyembamba, viatu vinang'aa, mpaka alipokanyaga sakafu yetu. Alisema amekuja kupima bahari inaliingizia taifa kiasi gani kwa mwaka.

"Yote?" nikamuuliza. "Umekuja na kikombe au na ndoo?"

Wanawake wakaangua kicheko. Yeye akaandika kitu. Nadhani aliandika "ndoo".

"Bibi, sipimi maji," akasema. "Napima kazi. Samaki, mashua, barafu, kamba, mafuta ya injini, na nyinyi hapa. Kila mahali panapewa tarakimu yake. Ya hapa kwenu ni ndogo mno. Bandari inakitaka kiwanja hiki iweke makontena. Wakubwa wakiisoma tarakimu hii Ijumaa, Jumatatu tingatinga liko mlangoni."

Visu vikasimama. Hata nzi walishangaa.

Kosa lilikuwa letu. Miaka nenda miaka rudi, kila aliyekuja na kalamu tulimlilia. "Bahari imekauka, mwanangu. Tunakula magamba." Tuliamini kwamba ukionekana fukara ushuru unakupita pembeni. Basi tulilia kwa ufundi, tukalia kwa zamu, mpaka serikali ikatuamini.

Karani akatoa nakala ya kitabu cha Kilo. Mwaka mzima, samaki elfu thelathini na moja.

"Elfu thelathini na moja?" Shoga yangu wa meza ya pili alidakia, yule mwenye jino la dhahabu na ulimi usio na breki. "Hao nawapara peke yangu huku napiga chafya!"

Tulikuwa tunajua, sitakudanganya. Samaki mmoja anapita mbele kwenye mizani, wenzake watatu wanapitia mlango wa nyuma, moja kwa moja hadi mezani kwetu. Ushuru unakatwa kwa kilichomo kitabuni. Sisi tukilipwa kichwa cha mbele na kichwa cha nyuma bei moja, tunasema nini? Tunapara.

Sasa daftari lilikuwa kwenye mfuko wa aproni yangu. Nikimpa karani, banda linabaki na mtoto wa dada yangu anaenda jela. Nisipompa, Kilo ana nyumba mbili na mashua tatu, hatalala njaa, ila meza arobaini zinaenda chini ya makontena, na yangu mojawapo. Nilifikiri kwa muda wa kupara samaki wawili. Wa tatu nikamwacha, nikatoa daftari.

Karani alihesabu mistari huku midomo ikimchezacheza. Mistari elfu moja mia moja na themanini.

"Laki moja na elfu kumi na nane," akasema polepole. "Bibi, samaki elfu themanini na saba hawamo kitabuni."

"Labda vichwa vilikuja peke yake. Kwa miguu."

Safari hii alicheka. Akasema anataka kunakili mistari yote mwezi kwa mwezi, na chini niweke sahihi yangu. Alikuwa hajamaliza mwezi wa kwanza Kilo alipoingia na makuli wawili, mmoja akafunga mlango wa mbele, mwingine wa nyuma. Nani alimwambia sijui. Banda la mabati lina masikio mengi. Ndipo nikalivuta daftari, nikaliweka kwenye kigoda, nikalikalia.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba. Siku hizi unakuja na walinzi kunisalimia?"

"Nimesikia una mgeni."

"Mgeni wa serikali. Wewe unamwonea wivu?"

Kilo alimshika karani kisogoni akamgonga uso mezani, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Magamba yaliruka. Karani alipoinua uso, pua yake ilikuwa imehamia shavuni, na damu inamiminika juu ya karatasi za serikali.

"Anaandika kwa mkono gani huyu?" Kilo aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei.

Kalamu ilikuwa bado kwenye mkono wa kulia. Kilo akauvuta ule mkono, akautandaza mezani, akachukua jiwe la mizani, lile la chuma la kilo tano, akaliachia juu ya vidole. Umewahi kusikia gamba la kaa linavyovunjwa? Sikupenda kuijua sauti hiyo kwa mtu. Karani alipiga ukelele uliokatika katikati, kama redio iliyochomolewa.

"Daftari liko wapi?"

Shoga yangu akasema, "Kamuulize mama yako kaburini."

Kilo aligeuka akampiga mdomoni na lile jiwe. Alianguka chali kati ya ndoo za matumbo. Jino la dhahabu liliruka, na matatu ya kawaida yakalifuata.

Akaja kwangu.

"Mama mdogo, simama."

"Miguu inaniuma."

"Simama, nasema!"

"Nimekalia kitu ambacho mwanamume mwenye adabu hatafuti pale kilipo."

Alinizaba kofi. Mimi, niliyemtafunia chakula alipoota meno. Sikio langu la kushoto likaanza kupiga filimbi, na mpaka leo halijanyamaza. Nikabaki nimekaa. Akarudi kwa karani, akaushika mkono wa pili, akautandaza mezani, kiganja chake kikiwa juu ya kile cha kijana kukibana chini. Mkono mwingine ukainua jiwe.

Nimepara samaki miaka arobaini na miwili. Najua kisu kinaingilia wapi bila kugusa mfupa. Nilisimama, nikamsukuma karani kwa nyonga mpaka mkono wake ukachomoka, na kiganja cha Kilo kilipobaki peke yake juu ya ubao, nikakishindilia kisu. Kilipita nyama, kikaingia ubaoni hadi nusu. Jiwe lilimwangukia mguuni mwenyewe. Hilo sikulipanga, lakini sikulikataa.

Basi ukawa ukelele mtupu. Wanawake waliwarukia makuli. Mmoja alimwagiwa maji ya chumvi machoni, akawa anarusha ngumi hewani kama mtu anayefukuza nyuki, mpaka rungu la kuulia samaki likampata nyuma ya goti. Likampata tena, na tena, hata alipokuwa chini. Yule wa pili alimkata binti wa meza ya mwisho begani kwa kisu chetu wenyewe, ndipo wanane wakamkalia. Nilisikia mbavu zake zikilia. Alipoomba maji, walimpa yale ya matumbo.

"Chomoa kisu!" Kilo alilia. Alikuwa amepiga magoti kando ya meza, jasho linamtiririka. "Mama mdogo, chomoa!"

"Usichomoe," shoga yangu alisema toka sakafuni, akitema damu. "Ukichomoa atakwisha damu. Mwache hivyo hivyo mpaka muuguzi aje."

"Umesikia," nikamwambia Kilo. "Hata mtu uliyemng'oa meno anakuombea uzima."

Mmoja wetu akakimbilia zahanati, mwingine kituo cha polisi. Kabla hawajarudi, karani alijikokota hadi kwenye kigoda. Uso haukuwa uso. Akasema, kwa kile kilichobaki cha mdomo, "Bibi, mistari. Leo Alhamisi."

Nikakaa kando yake, nikaandika mimi. Mwandiko wangu ni wa darasa la nne, herufi kubwa zinazoegemeana kama walevi. Yeye alisoma, mimi nikaandika, mwezi baada ya mwezi, na kila nilipokosea alinisahihisha, huku mtoto wa dada yangu anatutukana matusi mengine niliyomfundisha mwenyewe. Mwezi wa saba alizimia. Nikamtia maji, nikaendelea na wa nane. Sahihi niliweka, na kidole cha damu kikajiongeza chenyewe.

Polisi walinilaza ndani siku mbili. Afisa aliniuliza kama ni mimi niliyemchoma dalali. Nikamwambia nilikuwa kazini, kitu kikaja mezani, nikakata. Karani alikuja na mkono kwenye bandeji, akaeleza yote, wakaniachia.

Tarakimu ilifika Ijumaa. Bandari ikaambiwa itafute kiwanja kingine. Na kwa kuwa serikali sasa inajua tulicho nacho, ushuru umepanda hadi kwetu sisi wapara, na wapo wenzangu wanaotema mate nikipita, huku wamesimama kwenye meza ambazo zisingekuwepo. Mke wa Kilo, niliyekuwa nakaa chumba cha uani kwake, alinitupia godoro barabarani na ufagio juu yake. Ufagio ulikuwa wake. Niliuchukua.

Jumapili nilikwenda hospitali. Kilo alikuwa amelala, mkono wa kulia umefungwa bandeji hadi kiwiko, wa kushoto umefungwa pingu kwenye kitanda. Askari anasinzia mlangoni. Daktari alikuwa amesema vidole viwili havitakunjika tena.

"Kwa ajili ya vichwa vya samaki," Kilo alisema, akitazama dari.

"Kwa ajili ya meza yangu."

"Chumba ulikuwa nacho kwangu. Ningekulisha mpaka unakufa."

"Najua. Na kila nikimeza ungenihesabia."

Sahani ya chakula ilikuwa imepoa kando yake, haijaguswa, maana hakuwa na mkono wa kuigusa. Nikavuta kiti. Nikachota kijiko, nikakipeleka mdomoni. Alifumba midomo kama alivyokuwa akifanya mtoto. Nikamshika pua, akafungua.

Kijiko cha kwanza alimeza. Cha pili alimeza. Cha tatu alining'ata kidole mpaka jino likagusa mfupa, akawa hakiachii, ananitazama, machozi yanamtoka.

Nilimzaba kofi kwa mkono uliobaki. Akaachia. Nikafunga kidole kwa leso, nikachota cha nne.