Wageni wa Saa Nne

Mkuu wa chuo alitazama saa yake mara ya tano, na viti vya wageni pale mbele bado vilikuwa vitupu. Saa tatu na robo. Alishatuapia kwamba tukimtia aibu, mkutano wa uchumi hautaandaliwa tena na wanafunzi. Mwenyekiti wa mkutano nilikuwa mimi.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Wageni wetu, profesa wa Lusaka na Mmalawi anayefundisha naye, walikuwa wamelala Nakonde, ng'ambo ya mpaka, ambako saa iko nyuma ya yetu kwa saa nzima. Barua ya mwaliko niliiandika mwenyewe: saa tatu kamili. Ya wapi, sikusema. Kila anayeishi Tunduma, mji wetu huu wa mpakani, anajua jambo hilo. Mimi ni wa Isansa, nimekulia kwenye mashamba ya kahawa, lakini mjini nilikuwa na miaka miwili, kwa hiyo hata kisingizio sina.

Nilimwendea Mwasiti. Yeye ndiye niliyemshinda uenyekiti kwa kura tatu, na wiki moja kabla nilikuwa nimeiondoa mada yake kwenye ratiba ili wageni wapate nafasi. Nilimwambia haina hadhi ya kimataifa. Maneno hayo yananiunguza hadi leo.

"Mwasiti, nimeharibu. Wageni watafika saa nne."

Angeweza kunicheka, na ningestahili. Aliniangalia kidogo, akafungua mkoba.

"Mada ninayo hapa. Itangaze, halafu nenda mpakani ukawapokee."

Niliporudi na wageni, ukumbi wote ulikuwa unacheka. Mwasiti alikuwa anaeleza jinsi mama yake anavyopanga bei ya mchele wa Kamsamba alfajiri, kabla hajajua kwacha, hela ya ng'ambo, imeamkaje. Profesa wa Lusaka alikaa, akatoa kalamu. Zamu yake ilipofika alimuuliza Mwasiti maswali mpaka akasahau nusu ya hotuba yake mwenyewe.

Wakati wa chai mkuu alitujia anatabasamu.

"Nani alipanga mwenyeji atangulie wageni? Safi sana."

"Mwenyekiti, mkuu," Mwasiti akajibu, wala hakunitazama.

Nakiri nilitamani kunyamaza. Mwenzangu amenisitiri, ningekunywa chai yangu tu. Lakini niliweka kikombe chini.

"Hapana, mkuu. Mada yake niliikata mimi. Na saa niliikosea mimi."

Tabasamu likamwisha. Alisema mkutano utaendelea kila mwaka, ila mwakani kiti nimwachie mwenzangu. Nilisema asante, na nilimaanisha.

Mwaka uliofuata Mwasiti alibandika ratiba ukutani. Niliisoma kuanzia chini, nikitafuta jina langu kwa mashaka. Halikuwa chini. Mada yangu ya kahawa ilikuwa juu, mara tu baada ya ufunguzi, kabla ya wageni wote. Nilimkuta ukumbini anabishana na fundi wa spika.

"Mwasiti, nimeona ratiba. Sijui nikushukuruje."

"Dakika ishirini tu, Tulinagwe," alisema bila kugeuka. "Usinilie muda."

Nilizungumza dakika kumi na nane.