Aliyekaa Karibu na Mlango

Kanisani kwao, upande wa Dagoretti, palikuwa na benchi moja la nyuma ambalo hakuna mtu aliyelitamani. Hapo ndipo walipokaa waliotengwa: msichana aliyepata mimba kabla ya ndoa, mke wa pili, mama aliyepika pombe ili watoto wapate karo. Waliruhusiwa kuimba na kusikiliza neno, lakini Meza ya Bwana ilipoandaliwa, mkate na kikombe havikufika kwao. Tena kulikuwa na jambo ambalo kila mtu alilijua. Aliyetengwa akifa kabla ya kutubu, kanisa halimziki. Mchungaji haji, na mzee wa kanisa haruhusiwi kufungua kinywa kaburini.

Susu Nthenya alikaa kwenye benchi hilo miaka yake yote ya mwisho, na mjukuu wake Kasyoka, binti wa mwanawe Hezekiah, alikaa ubavuni mwake.

Wakamba humwita nyanya susu. Kasyoka alikuwa ameacha shule darasa la nne, miguu ya Susu ilipoanza kuvimba na akahitajika mtu wa kumchotea maji. Hakulalamika. Alikuwa msichana wa kuinamisha macho na kujibu kwa kichwa, na kwa Susu hakuna aliyemwambia asemeseme. Susu mwenyewe alisema vya kutosha watu wawili.

Alikuja Nairobi akiwa mjane, baada ya mashemeji kumnyang'anya shamba huko Mwala. Alikuja na watoto wawili, Hezekiah akitembea, mgongoni mwa dunia, na Nzula mgongoni mwake, kama alivyopenda kusimulia. Akanunua kinu na mchi, akawa anatwanga muthokoi, mahindi ya kukobolewa, na kuwauzia wafanyakazi wa kichinjioni Dagoretti, pamoja na supu ya vichwa na miguu. Damu hakuigusa. Wenzake walijaza damu kwenye matumbo, wakachoma, wakauza kuliko yeye, lakini Susu alisema mitume walikataza, na yeye si mkubwa kuliko mitume. Kwa sababu hiyo wachinjaji Waislamu wakawa hawali kwingine. Nyama walichinja wenyewe, na sufuria waliiamini.

Kwa sufuria hiyo alimsomesha Hezekiah mpaka akapata kazi ya ukarani serikalini, akafunga tai, akachaguliwa mzee wa kanisa. Na kwa sufuria hiyo hiyo Nzula akampata mume. Taib alikuwa kijana wa Kipwani mwenye duka la vitambaa katikati ya mji. Alikuja siku moja kumwamkia mjomba wake mchinjaji, akaonjeshwa muthokoi na Nzula, na tangu siku hiyo akawa na habari nyingi za kumletea mjomba.

Nzula alipoolewa, mwaka wa sitini na tisa, Hezekiah hakwenda. Alisema hana dada tena. Susu alivaa gauni lake la Krismasi, akapanda basi na Kasyoka mpaka mjini, akakaa mkekani na wanawake wa kina Taib, akala pilau, akaomba aongezewe. Bibi harusi alipoletwa, Susu alimshika mikono, akamtemea mate kidogo viganjani, kama mama wa Kikamba anavyombariki mwanawe, akasema, "Mungu wangu anajua njia ya kuja hapa."

Habari ilifika kanisani kabla yake. Mzee Gichuru, mwenyekiti wa wazee, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa taratibu. Alimwita, akamweleza kwa upole kwamba asimame mbele ya washirika aseme anajuta kumbariki binti katika ndoa ile ya Kiislamu, na mambo yaishe.

Susu akaomba muda wa kutafuta. Wiki iliyofuata akarudi.

"Nimetafuta hiyo juto, Mzee Gichuru. Nimetafuta usiku na mchana. Haiko. Sasa unataka nidanganye Mungu ndani ya nyumba yake?"

"Mama Hezekiah, ni neno moja tu."

"Watu husema mtoto akikunyea mkono, huukati. Na huyu hata hajaninyea. Ameolewa."

Wazee wengine waliinama kuficha kicheko. Hezekiah, aliyekuwa miongoni mwao, hakucheka.

Basi akaenda nyuma. Wengine waliopelekwa huko waliona haya, wakaacha kuja. Susu alikuja mapema kuliko mchungaji. Alifuta benchi kwa leso yake, akawakaribisha wenzake mmoja mmoja kama mwenye nyumba. Mkate ulipopita mbele na kuwakosa, alimshika mkono aliyekuwa karibu naye, na huyo akamshika mwenzake, mpaka mwisho wa benchi. Mama Odero, yule wa pombe, siku ya kwanza alilia. Susu akamnong'oneza, "Usilie. Sisi tuko karibu na mlango. Mgeni akiingia, anatusalimia sisi kwanza." Baada ya ibada alikwenda mjini kwa Nzula, akambeba mjukuu mdogo, akarudi jioni akiimba.

Kasyoka alimtazama na kustaajabu. Hakumwona hata siku moja akinung'unika juu ya kanisa, wala akikosa kuja ibadani. Alikuwa kama mtu aliyefungiwa jikoni kwake mwenyewe, akaamua kupika.

Masika ya mwaka wa sabini na nne Susu akashindwa kuinuka. Wazee wakaja. Walikaa kando ya kitanda, Kasyoka akawapa chai. Mzee Gichuru akasema Susu hana haja ya kusimama kanisani tena. Aseme hapo hapo kitandani, wao watapeleka. Hezekiah alipiga magoti kwenye sakafu ya saruji, tai na yote.

"Mama, sema tu. Nitakuzika namna gani mimi?"

Susu alimpapasa kichwa. "Hezekiah, baba. Niliomba Mungu anipe watoto wawili kwa meza moja. Nisiseme tena sikutaka."

Wiki hiyo haikuisha akiwa hai.

Walimzika Lang'ata, kwa kuwa shamba la kumrudisha halikuwapo. Mzee Gichuru alikuwa amemweleza Hezekiah waziwazi: unaweza kumzika kama mwana, lakini ukiomba, na wewe utatengwa. Kasyoka alimsikia baba yake akitembea chumbani usiku huo, akienda na kurudi.

Kwaya haikuja. Walikuja wanawake wa benchi la nyuma, wa sasa na wa zamani, wengine na watoto waliowafanya watengwe, sasa wakubwa. Akaja Nzula na bintiye mdogo, na Taib na ndugu zake, wamevaa kanzu. Mzee Gichuru pia alikuja, akasimama mbali, karibu na ua wa makaburi, kofia mkononi.

Lori lenye jeneza lilipofika, ndugu za Taib hawakungoja kuambiwa. Kwao kumbeba maiti ni thawabu na kumcheleweshea njia ni vibaya. Wakalishika jeneza, wakabadilishana mabega kila hatua chache, wakaenda mbio. Wanawake walikuwa wameanza wimbo wa taratibu, wa kuvuta miguu. Kufikia ubeti wa pili, jeneza lilikuwa mbali na waimbaji walikuwa wanakimbia.

"Shemeji," Mama Odero akaita, akihema, "punguzeni mwendo. Hata kama ni mbinguni, wacha tufike pamoja."

Taib aligeuka, akaona umbali, akashika kichwa kwa aibu. Nzula ndiye aliyeanza kucheka, huku machozi yakimtiririka, na Kasyoka, ambaye hakuzoea kucheka mbele za watu, akajikuta anacheka kwa sauti. Wakangojana, wakaenda pamoja, wala si polepole sana.

Kaburini jeneza lilishushwa. Watu walimtazama Hezekiah, na Hezekiah akatazama ua, alikosimama Mzee Gichuru. Kasyoka aliogopa kwamba baba yake ataokota udongo, autupe, na kuondoka, na Susu wake afukiwe kama kitu kilichopotea njia.

Hezekiah akafumba macho.

"Bwana," alisema, kwa sauti iliyofika mpaka uani, "huyu ni mama yangu. Wewe ulimjua kabla yetu. Mpokee, na mimi unisamehe, kwa kuwa nilimwachia kazi ya upendo peke yake. Amina."

"Amina," wakaitika wanawake. Ndugu za Taib nao wakaitika kwa namna yao. Kule uani, Mzee Gichuru alivaa kofia, akaenda zake.

Wanaume wakafukia. Mvua nyembamba ikaanza, na njia ya kurudi ikawa tope. Hezekiah alisimama mbele ya dada yake, kisha akamwangalia yule mtoto aliyejificha nyuma ya buibui la mama yake.

"Anaitwa nani?"

"Saleha," Nzula akasema.

Hezekiah akachutama, viatu vyake vya ofisini vikizama topeni, akamgeuzia mtoto mgongo. "Panda, Saleha. Mimi ni mjomba wako."