Usingizi wa Mashine

Nedyalko alitia mdomoni mbegu nyingine za alizeti, akapasua maganda kwa meno na kuyatemea dirishani. Mbegu hizo ndizo zilizomweka macho tangu alipotoka Thesaloniki asubuhi. Kahawa ilishashindwa. Makofi alishajipiga hadi shavu likawaka moto. Nyimbo za jeshini alishaziimba zote, hata zile ambazo mtu haziimbi mbele ya mama mkwe. Bado jua la mchana lilichoma kioo cha lori na kope zikamwelemea.

Mara akaona kibao cha barabarani, akashtuka. Mji wa Sandanski ulikuwa umeshabaki nyuma. Aliupita saa ngapi? Alijaribu kukumbuka kituo kimoja cha mafuta, mzunguko mmoja, hata mbwa aliyekatiza. Hakukumbuka kitu. Jasho jembamba likamtoka, maana mbele yake lilikuwa korongo la Kresna, njia finyu, mwamba huku na mto kule.

Simu ikalia. Alikuwa Valya, binti wa ofisini anayepanga safari.

"Mzee Nedyalko, umefika wapi? Bukaresti wanaulizia matunda yao ya pichi."

"Valya mwanangu, nimekwisha. Sijalala. Nataka niegeshe."

"Hujalala vipi? Mashine yako naiona hapa kwenye kompyuta. Usiku kucha ulikuwa kitandani."

"Si wewe uliyeniambia niweke kitanda!"

"Mimi nilikwambia upumzike," akasema Valya, kwa sauti ya mtu mwenye bosi mgongoni. "Mzee, tajiri yuko hapa. Anasema aliyechoka akalee wajukuu, wanaozitaka funguo ni wengi."

Mashine yenyewe ilikuwa kwenye dashibodi, kisanduku kisichozidi redio ya gari. Ilirekodi kila mwendo wa magurudumu. Lori likisimama, dereva alibonyeza kitufe: alama ya nyundo kama anafanya kazi, alama ya kitanda kama amepumzika, na bila saa za kitanda kutimia sheria haikumruhusu kuendesha. Kama amelala chali au anavuta mzigo, hilo mashine haikulijua na wala haikuuliza. Kule ghalani Thesaloniki vibarua walikuwa wachache, kwa hiyo Nedyalko alishusha vigae mwenyewe, kisha akapakia pichi kwa troli ya mkono hadi kulipopambazuka, huku kitanda kikiwaka dashibodini. Madereva wote walifanya hivyo. Aliyekataa alirudishwa mwisho wa foleni ya kupakia, na safari iliyofuata hakuitwa.

Rusi naye aliweka kitanda. Rusi, rafiki yake tangu jeshini, aliyetumbukia na lori lake kwenye mto huohuo wa korongoni mwaka jana. Ripoti ikasema ni uzembe, kwa kuwa dereva alikuwa amepumzika vya kutosha. Mjane wake alisoma maneno hayo mara mbili mbele ya Nedyalko, na Nedyalko, kwa aibu, hakufungua mdomo.

Redio ya madereva ikakoroma. "Jamani, kabla ya korongo kuna wakaguzi! Mwenye dhambi zake achepukie kijijini."

Siku nyingine angechepuka. Leo moyo wake ulifurahi kama wa mwenye kiu aliyeona maji. Wakaguzi wakilijua kosa lake watamsimamisha, na akisimamishwa na serikali, tajiri atabwata mpaka achoke. Akawasha taa ya pembeni na kujipeleka mwenyewe.

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo mwenye kofia iliyompwaya. Alipanda ngazi ya lori upande wa dereva, akachomeka kifaa chake kwenye mashine, akasoma, akatabasamu.

"Hongera, mzee. Tangu asubuhi wewe ndiye wa kwanza kuwa safi. Nenda zako."

"Tazama tena."

"Nitazame nini? Umelala kuliko mimi."

"Dada, sijalala hata lepe. Nilikuwa napakia. Kitanda kile ni cha uongo."

Tabasamu likamfutika mama yule. Alitazama nyuma, foleni ya malori ilikuwa inarefuka. "Una shahidi? Wenye ghala watakubali?"

Nedyalko akamwonyesha viganja. Malengelenge ya troli yalikuwa yamepasuka, nyama nyekundu ikionekana.

"Pole," alisema mkaguzi, na alimaanisha. "Lakini viganja havichomekwi kwenye kompyuta, mzee wangu. Nikiandika kwamba mashine imedanganya, kesho wakili wa tajiri wako yuko mezani kwangu, na wewe utakuwa umeshakana. Nawajua nyinyi."

"Sitakana. Sandanski nimeipita sijui saa ngapi. Unaniruhusu niingie korongoni hivi?"

"Mimi sikuruhusu. Mashine ndiyo inaruhusu. Haya songa, unaziba njia."

Nedyalko alimwangalia. Hakuwa na hasira naye. Alikuwa amechoka mno hata kukasirika, na alijua kabisa kwamba akitoka kwenye usukani ule leo, hatapewa tena usukani wowote wa tajiri yule. Akazima injini. Akachomoa ufunguo, akauweka kwenye kiganja cha mkaguzi na kumfunga vidole juu yake.

"Basi endesha wewe," akasema. "Pichi ni za Bukaresti."

"Mzee! Mzee, acha mchezo!"

Honi zilianza nyuma. Nedyalko akavua viatu, akajivuta hadi kwenye godoro nyuma ya viti, akafunga pazia. Simu ikalia kwenye dashibodi. Mkaguzi, ufunguo mkononi, aliisikia ikilia mpaka ikakata, na baada yake mkoromo.