Mwanamke wa Sarafu ya Tano

Asubuhi hiyo muuza mkate alimrudishia fundi cherehani sarafu yake ya shilingi tano.

"Hii ya bibi mzee siipokei, dada. Nipe ya yule msichana."

Fundi akapekua pochi. Zote zilikuwa za bibi mzee. Msichana aliyebeba kuni kwenye kila sarafu ya tano alikuwa amezeeka polepole, mifukoni mwa watu wote, na tangu mwezi uliopita alikuwa amekunja goti la kushoto. Wauzaji walizing'ata sarafu hizo, wakazigongesha mezani, wakamtazama mwenye nazo kwa jicho la pembe. Fundi alirudi bila mkate.

Nyumbani mama yake alikuwa anakanda goti lake la kushoto. Ujanani alipiga deki kwenye kiwanda cha sarafu. Mchoraji wa kiwanda akamsimamisha siku tatu na fungu la mafagio kichwani, ambayo kwenye mchoro yaligeuka kuni. Ujira aliambiwa aufuate baadaye, wakampiga danadana miaka arobaini.

Saa nne alikuja afisa wa serikali na faili. Alipokaribishwa kiti, alikikagua kwanza.

"Mama, unaharibu fedha ya taifa. Watu wameanza kushuku."

"Nilipe siku zangu tatu, mwanangu, nitajitahidi kunyooka."

Afisa akafunua faili. "Hapa imeandikwa mchoro ni wa kubuni. Huyo si wewe."

"Kama si mimi, goti langu linakuhusu nini?"

Afisa alimtazama fundi, utosini hadi kwenye futi ya kupimia nguo iliyoning'inia shingoni mwake, akaandika kitu, akaaga. Fundi alipandwa na hasira, na ile kalamu hakuipenda hata kidogo.

Mama hakunyooka. Kwenye sarafu mwanamke aliketi chini, kuni pembeni, na serikali ikazikusanya zote kwa magunia.

Baada ya miezi mitatu zikatoka mpya. Muuza mkate alizipokea bila hata kuzigeuza. Fundi ndiye aliyegeuza yake: mwanamke amesimama wima, kuni kichwani, futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni.

Alimpelekea mama yake, naye akaisogeza dirishani, akaitazama sana.

"Wamekulipa?"

"Hata kuniuliza hawakuniuliza, mama."

Mama akamrudishia. Fundi alikaa kwenye cherehani kushona shati la mteja, na kabla hajamaliza mkono wa kwanza, shingo ilianza kumuuma.