Tepu Chini ya Kiatu

Wenzangu wananiita Wa Nne, na jina hilo nimelichoka. Kila mashindano makubwa niliyokwenda nilimaliza wa nne. Ukiwa wa nne, watatu wanapanda jukwaani, wewe unapewa maji na pole.

Mchezo wetu ni wa wanawake walioshindwa kuchagua. Unaruka viunzi, unaruka juu, unatupa tufe, unaruka umbali, halafu mwisho unakimbia mita mia nane za kukutoa roho. Yote hayo siku moja, ndani ya ukumbi mmoja uliofunikwa, unaonuka mpira na dawa ya kuchulia misuli. Kila kimoja kina pointi zake, na zinajumlishwa. Siku hiyo, tulipoweka chini tufe, nilikuwa wa nne. Kwani ningekuwa wa ngapi?

Wa tatu alikuwa Mwalimu. Ni mwalimu kweli, anafundisha hesabu watoto wadogo, na hata akikusalimia unahisi anakusahihisha. Nampenda, lakini siku ya mashindano simpendi hata kidogo. Wawili wa mbele walishatuacha mbali, kwa hiyo medali iliyobaki ilikuwa yangu au yake.

Kocha wangu ni Mjomba, kaka yake mama. Kazi yake ni kuchomelea mageti, na viunzi vyangu vya kwanza alivichomelea kwa mabomba ya kitanda kibovu. Amenilea tangu baba afariki. Sijawahi kumwambia hapana, na si kwa heshima tu, namuogopa. Hapigi wala hagombi. Ananyamaza, basi, na kunyamaza kwake kunaweza kukaa nyumbani kwetu wiki nzima kama mgeni asiyeaga.

Sasa, kwenye kuruka umbali kila mtu ana mahali pake pa kuanzia mbio. Ukianzia mbele kupita kiasi, unafika kwenye ubao wa kurukia mguu umeshauvuka, na hapo kibendera chekundu kinakuhusu. Kwa hiyo wakati wa kupasha moto kila mtu anabandika kipande cha tepu pembeni ya njia. Tepu ni ileile nyeupe ya waandaaji, ndiyo maana kila mmoja anachora alama yake. Mwalimu alichora alama ya vema kwa kalamu nyekundu, ungemtarajia achore nini? Ya kwake ilikaa nyuma kidogo ya yangu, tukataniana.

"Jirani, usije ukanikanyagia kiwanja changu," akasema.

"Kiwanja chenyewe hakina hati," nikamjibu.

Mbele ya tepu zetu, upande wa ubao, palikuwa na tepu ya Mama Pacha, mshindani mwenzetu. Yeye paja lilimkaza hapohapo kwenye kupasha moto, akatolewa akichechemea. Tepu yake hakuna aliyekumbuka kuibandua.

Kila mtu ana miruko mitatu, na hata mmoja tu ukikubaliwa unatosha kukupa pointi. Ukiharibu yote, unapata sifuri na siku yako imekwisha. Mwalimu akaharibu wa kwanza. Kocha wake akamwonyesha kwa mkono arudi nyuma kidogo, akarudi, akaharibu na wa pili. Nilimwona akitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. Minong'ono ikaanza kwamba kaingiwa na woga. Mimi nilimaliza miruko yangu salama, si mizuri sana, nikaenda kukaa karibu na viti vya makocha kuvua viatu.

Kiatu cha kulia kilikuwa kinanata. Nikakigeuza. Katikati ya misumari ya soli kulikuwa na tepu nyeupe iliyojikunja. Nikaikunjua kwa kucha, nikaona vema nyekundu.

Nikatazama njiani. Pale Mwalimu alipokuwa akianzia palikuwa na tepu, ndiyo, lakini ile ilikuwa ya Mama Pacha. Ya kwake niliing'oa mimi kwa mguu wangu, na yeye kwa wasiwasi wa mashindano aliona kitu cheupe karibu na tepu yangu, akaanzia hapo. Alikuwa anaanzia mbele mno, nyayo mbili nzima, na kule kurudi kidogo hakukutosha.

Nilipoinua uso, Mjomba alikuwa ameegemea ukingo wa chuma, ananiangalia mkononi.

"Ficha," akasema.

"Mjomba, hii ni ya..."

"Naiona ni ya nani. Hujaiba. Imenasa yenyewe. Kaa chini, vaa soksi."

Nikakaa. Niseme ukweli, nilikaa. Nikinyamaza hakuna atakayejua, nitapanda jukwaani, na mama ataniona kwenye televisheni ya jirani. Nikisema, narudi nyumbani na jina langu lilelile na Mjomba hatafungua mdomo mpaka sijui lini. Nilikuwa na hofu ya kusema na hofu ya kunyamaza.

Wakamwita Mwalimu kwa mruko wa mwisho. Saa ya kuhesabu ikawashwa, kwa sababu ukishaitwa una dakika moja tu. Akatembea kuelekea tepu ile ya Mama Pacha na midomo imemkauka, nyeupe. Sikuamua chochote mimi. Miguu ilinyanyuka yenyewe, soksi moja mguuni, moja mkononi.

"Jirani, hiyo si alama yako," nikamwambia. "Ni ya Mama Pacha. Yako hii hapa, ilinasa kwenye kiatu changu."

Akaitazama tepu, akanitazama mimi. Niliiona hesabu ikipita machoni mwake, na wala haikuwa ngumu: yeye akiharibu, mimi ni wa tatu.

"Ilikuwa wapi?" akauliza.

"Nyuma ya yangu, kama unyayo mmoja. Hapa." Nikachuchumaa, nikaweka kidole. Kilikuwa kinatetemeka, na mtu anayesema kweli hatakiwi kutetemeka vile.

Msimamizi akanipigia kelele niondoke. Nikaondoka, na hapo ndipo woga wenyewe uliponishika barabara. Sasa akiharibu, atakuwa ameharibu kwa maneno yangu. Sikuweza kumtazama akianza. Nilitazama ubao tu, nikasikia miguu yake ikija, kasi, kasi, ukumbi ukampigia makofi, akaruka. Mruko mzuri sijapata kuuona. Alitua mbali, akainuka kwenye mchanga akicheka.

Kibendera kikapanda chekundu. Alikuwa ameuvuka ubao kwa upana wa ukucha.

Nilibaki nimesimama na soksi yangu. Mwalimu hakunitazama. Nikamgeukia Mjomba nikitarajia ule ukimya wake, nikaona meno. Mjomba alikuwa anatabasamu, na alinikonyeza.

Mita mia nane sizikumbuki vizuri. Nakumbuka kona zilizoinuka na pumzi za wenzangu nyuma ya shingo yangu, na kwamba nilikimbia kama mtu anayefukuzwa. Mwalimu naye alikimbia, na sifuri yake, wakati wengine wangekula kona na kwenda kuoga. Ubao wa matokeo ukawaka nikaona jina langu kwenye mstari wa tatu. Sikuruka wala sikulia.

Sisi wa mchezo huu tuna desturi yetu. Mwisho tunashikana mikono wote, washindi na walioshindwa, tunazunguka uwanja kuwaaga watazamaji. Nilisogea pembeni nisiwe karibu naye, akanifuata, akanishika mkono.

"Sikukuamini," akasema, huku anawapungia watu.

"Najua."

"Sikiliza. Kidole chako nilikiona. Na tepu ya Mama Pacha niliiona. Nikagawa katikati, nikaanzia hapo." Akavuta pumzi. "Ningeanzia ulipoweka kidole, mruko ungekuwa mzima. Ni hesabu ya mtoto wa darasa la pili."

Tulimaliza mzunguko, akanibana vidole, akaniachia.

Mjomba alikuwa ananisubiri mlangoni na begi langu begani, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Mjanja wewe," akasema. "Mimi nakwambia ufiche, kumbe wewe unafikiri mbali. Umemtoa kwenye alama kwa mdomo tu."

"Mjomba, nilimwambia kweli."

"Sawa. Waandishi waambie hivyohivyo."

"Naapa, nilimwambia kweli. Hakuniamini tu."

"Mimi usinizuge, mimi ndiye niliyekulea." Akacheka, akanipiga begani. "Nimeshampigia mama yako, nimemsimulia yote. Kacheka mpaka kapaliwa."

Akaendelea kuongea mpaka kwenye maegesho. Kesho karakana nzima ingeisikia, alisema, na mafundi wenzake wangetaka kuniona. Siku nzima nilikuwa naogopa kunyamaza kwake. Nilishika medali isigonge vifungo vya koti, nikamwambia, "Mjomba, naomba unyamaze kidogo."

Hakunisikia. Alikuwa ameanza kuisimulia tena kwa dereva aliyekuja kutuchukua.