Tepe Sita za Kitenge cha Mama

Kitenge cha marehemu mama yake kilikuwa mapajani mwa Samia tangu asubuhi, na cherehani haikuwa imezunguka hata mara moja. Upepo wa ziwa uliingia kibandani kwake pale Iringo, ukakipuliza, harufu ya karafuu za mama ikapanda. Samia akafumba macho, akamwona mama akipita uani, hana haraka, anaimba chinichini.

Kilichobaki kilikuwa robo tatu ya mita. Mabinti walikuwa sita, Samia ndiye mkubwa. Tangu matanga, mdogo wao Shani, aliyeolewa Bunda, alikuwa hapokei simu za Samia, kwa kuwa alisikia dada mkubwa amekificha kitenge. Na kweli Samia alikificha. Aliogopa kwamba akikigawa kitaisha.

"Fundi, umesinzia?"

Alikuwa Mwalimu Ghati, mteja wake anayefundisha hesabu, amefuata gauni. Samia akamweleza yote. Alitamani kila ndugu apate utepe wa kufunga kichwani, wenye upana wa moja ya nane ya mita.

"Sasa robo tatu gawa kwa moja ya nane, Mwalimu, si kitabaki kijipande cha kutupa?"

"Hapana. Unauliza moja ya nane ziko ngapi humo ndani. Mita nzima ingetoa tepe ngapi?"

"Nane."

"Ndiyo maana tunaigeuzaga. Moja ya nane inakuwa nane, halafu tunazidisha. Robo tatu ya nane ni ngapi?"

Samia alihesabu kwa vidole. "Sita." Akashika mkasi. "Sita, Mwalimu!"

Mkasi ukapita kitambaani taratibu, kana kwamba unapita majini. Kila utepe ulipoachana na mwenzake karafuu ilinukia zaidi, na Samia akamwona tena mama uani, safari hii mabinti zake wote wakimfuata nyuma.

Alasiri alikuwa Nyasura, kule Bunda, mlangoni kwa Shani. Shani alifungua, hakusalimia. Samia akamwekea utepe mkononi.

"Nilikificha, mdogo wangu. Nisamehe."

Shani aliunusa, akakaa nao puani muda mrefu, macho yakiwa mbali. Kisha akaketi kizingitini, akampa dada yake mgongo.

"Nifunge," alisema. "Vile mama alivyokuwaga anatufunga."