Insha Isiyo na Jina

Wanafunzi walimbatiza mwalimu wao jina la Chimbua, kwa kuwa kila kipindi cha fasihi aliwahimiza wachimbue maana iliyo chini ya maneno. Siku aliyokuja mkaguzi, mwalimu huyu alitaka kung'ara. Akachomoa insha moja kwenye rundo la Jumatatu, akafunika jina kwa kidole gumba, akaisoma kwa sauti.

"Mama yangu amelazwa hospitali ya mbali. Baba anasema atarudi nikimaliza mtihani. Shangazi amehamia kwetu. Mwezi uliopita alizipeleka nguo zote za mama kufuliwa, hazijarudi. Nikiomba kuongea na mama kwa simu, baba hutoka nje. Wageni wetu hunishika kichwa bila kusema neno."

Akaishusha karatasi. "Haya. Juu juu, mama anaumwa. Chini yake kuna nini?"

Mikono ikapaa.

"Nguo hazifuliwi mwezi mzima, mwalimu."

"Baba anatoka nje asionekane akilia."

"Wale wageni wamekuja kutoa pole."

"Kwa hiyo?" Mwalimu jasho la raha lilikuwa linamtiririka. "Malizieni!"

"Mama amekufa," kiranja akasema. "Ila anayeandika hajui."

"Safi kabisa! Mpigieni makofi!"

Darasa zima likapiga, isipokuwa msichana wa dawati la dirishani. Yeye alikuwa amesimama.

"Mwalimu, hilo ndilo jibu?"

Mwalimu akalitazama tena jina kwenye karatasi: lilikuwa la msichana huyo. Alidhani mtoto ameandika kwa ufundi, anajua anachokificha. Angeweza kumwambia hapana, tunacheza na maneno tu. Lakini mkaguzi kule nyuma alikuwa ameinua kalamu, anasubiri.

"Ushahidi unaelekea huko," akasema. "Kaa chini."

Msichana akakaa. Hakulia. Kengele ilipolia alibaki pale pale, mpaka mfagiaji akamwomba ainue miguu.

Kesho yake asubuhi shangazi wa msichana huyo alimvizia mwalimu mlangoni pa darasa, macho yamemvimba.

"Tulikuwa tunangoja mtihani upite, mwalimu. Zilibaki wiki mbili tu! Jana kaingia ndani hata salamu hakutoa, anatukagua nyuso mmoja mmoja. Baba yake akajaribu kukana. Akamwambia, 'Baba, hata sauti yako ni ushahidi.' Nani kamfundisha mtoto kumsema baba yake hivyo?"

"Watoto wa siku hizi, dada yangu," mwalimu akajibu. Akampa pole kwa msiba, akaingia kufundisha.